Mswada wa babu bado mzima, lakini vitabu vichanga zaidi vinaoza ndani ya kasha lile lile: kwa nini?

#1 Mjukuu wa Pangani

Salaam, wadau. Mwezi uliopita tulifungua kasha la marehemu babu yangu, ambalo limekaa chumbani kwa shangazi huko Pangani kwa zaidi ya miaka thelathini bila kuguswa, isipokuwa mara moja kwa mwaka shangazi alipotia karafuu maiti mpya. Ni kasha la msaji lenye misumari ya shaba, na ndani yake mlikuwa na vitu vitatu vilivyonifanya nifungue uzi huu. Cha kwanza ni mswada wa kasida na dua, karatasi zipatazo arobaini, ulioandikwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu. Wazee wa ukoo wanasema aliyeuandika ni babu yake babu. Cha pili ni kile kitabu cha Kiingereza cha kufundishia Kiswahili alichokitunga mmisionari Mwingereza Edward Steere, ambacho nadhani kilichapwa na misheni ya Zanzibar mwaka 1870. Cha tatu ni matoleo ya gazeti la Mambo Leo yaliyoshonwa pamoja kwa uzi wa katani.

Mswada, ambao ndio mkongwe kuliko vyote, karatasi yake inapinda kama kitambaa na wino wake ni mweusi kana kwamba umeandikwa juzi, ingawa baadhi ya karatasi zimelegea. Kitabu cha Steere kimejaa madoa madogo ya rangi ya kutu, mithili ya matone ya chai. Mambo Leo ndiyo imekwisha kabisa: ukiugusa ukingo wake, unavunjika kama jani kavu la mwembe na kukuachia unga wa kahawia mikononi. Vyote vimelala kasha moja, vimepumua hewa moja na kutiwa dawa moja. Imekuwaje mzee akabaki mzima huku vijana wakizeeka? Na sasa niviweke wapi?

#2 Mkutubi Mstaafu

Ahsante kwa uzi, Mjukuu. Nianze na sahihisho. Kitabu hicho kilitoka mara ya kwanza London mwaka 1870. Mtambo wa misheni ya Zanzibar ulikuwa ukitoa vijitabu vya shule na vya ibada. Pili, utazame ukurasa wenye jina la kitabu. Iwapo Steere ametajwa kwa cheo cha askofu, unalo toleo la baadaye, kwa sababu aliwekwa wakfu mwaka 1874. Iwapo ametajwa kuwa ni marehemu, basi ni toleo la baada ya 1882, mwaka aliofariki kule Zanzibar. Usilikasirikie jambo hili. Hata toleo la baadaye ni la kutunzwa. Ila watu wengi huona mwaka 1870 chini ya utangulizi wakadhani wameokota dhahabu.

Kabla hatujasema lolote jingine, tafadhali usifute alama yoyote ya penseli, usibandike selotepu, na usiviondoe vifungo vya zamani kwa kutaka kuvifanya viwe safi.

#3 Mjukuu wa Pangani

Nimetazama. Ni askofu na ni marehemu, vyote viwili. Nimekuwa nikijigamba bure mbele ya shemeji zangu.

#4 Fundi Jalada

Mimi nimejalidi vitabu Mombasa kwa miaka ishirini na sita, na swali hili huletwa dukani kwangu kila mara, kwa kawaida na mtu aliyekwisha kukiharibu kitabu kwa gundi ya mbao. Jibu liko kwenye karatasi yenyewe. Karatasi walizoandikia wazee wa pwani nyingi zilikuja kwa majahazi na meli kutoka Ulaya, hasa Italia, na zilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba yaliyotwangwa hadi yakawa uji, kisha zikapakwa maji ya gelatini ili wino usisambae. Tambara lina nyuzi ndefu. Karatasi ya namna hiyo hukaa miaka mia tatu bila kulalamika.

Karatasi ya gazeti ni mti uliosagwa, jambo lililoanza Ujerumani miaka ya 1840, na nyuzi zake ni fupi kama pumba. Mambo Leo ilianza Dar es Salaam mwaka 1923, kwa hiyo usitarajie iwe na tambara. Kitabu cha Steere kiko katikati, maana tangu miaka ya 1860 viwanda vya Uingereza vilitumia sana nyasi za esparto zilizotoka Hispania na Afrika Kaskazini.

Fanya hivi: chukua karatasi moja ya mswada uliyoiona imekwisha kulegea, uiinue mbele ya dirisha asubuhi, kisha utuambie unaona nini ndani ya karatasi, si juu yake.

#5 Bibi wa Mkunazini

Wanangu, mnazungumza habari za viwanda na mmesahau nyumba. Kwetu misahafu na vitabu vya mkono vilifukizwa ubani kila usiku wa kuamkia Ijumaa, na baada ya masika vilitolewa vikapigwa upepo barazani. Hakuna aliyevisogelea vitabu vya Kizungu kwa chetezo. Vilikaa chini, juu yake pakawekwa mashuka. Kinachosomwa hufunguliwa, kinachofunguliwa hupata hewa, na mdudu hapendi kusumbuliwa. Huyo babu alikuwa akiusoma mswada wake. Na huyo Steere, nani alimsoma?

#6 Kemia ya Jioni

Kwa heshima zote kwa Bibi, moshi wa ubani hauwezi kuizuia karatasi isijichome yenyewe, na hilo ndilo lililoitokea Mambo Leo. Mti una ligini, kitu kinachoshikanisha nyuzi zake, ambacho kikipata mwanga na hewa hugeuka njano na kutoa asidi. Juu ya hapo, tangu karne ya 19 viwanda vilianza kutia shabu pamoja na utomvu wa msonobari ili karatasi isinyonye wino, na shabu ikipata unyevu nayo huleta asidi. Kwa hiyo adui alizaliwa pamoja na karatasi. Joto na unyevu wa Pangani vilimchochea tu.

Wino nao usisahauliwe. Wino wa wazee wengi ulikuwa masizi yaliyochanganywa na gundi ya mgunga, na masizi hayana ugomvi na karatasi. Makarani wa Ulaya walitumia wino wa chuma na tanini, ambao huanza ukiwa mweusi, ukageuka kahawia, na mwishowe ukatoboa karatasi mahali penye herufi, hasa pale kalamu ilipokandamiza. Nina barua ya aina hiyo ambayo herufi zake zimedondoka zikaacha matundu yanayosomeka. Lakini wino wa masizi una udhaifu wake: ukilowa, unakimbia. Mjukuu, usithubutu kuufuta mswada huo kwa kitambaa chenye maji.

#7 Mgeni wa Muskat

Kuna sababu ambayo haijatajwa. Katika miswada mingi ya Kiarabu, kuanzia Maghribi hadi India, waandishi waliandika kwenye ukurasa wa kwanza au wa mwisho maneno "Ya Kabikaj". Wengine husema Kabikaj ni mfalme wa mende, na kwamba wadudu wadogo wakiliona jina la mkuu wao huiheshimu nyumba yake. Wengine husema ni jina la mmea wenye sumu, ambao zamani majani yake yaliwekwa ndani ya vitabu, na mmea ulipokosekana watu wakaandika jina lake badala yake. Marehemu baba yangu, aliyehamia huku kutoka Unguja, alikuwa na kitabu cha fikihi chenye jina hilo kwa wino mwekundu, nacho hakikuwa na tundu hata moja. Mjukuu, tazama ukurasa wa kwanza wa mswada wako.

#8 Msomaji Mvivu

Naomba kueleweshwa na Mgeni wa Muskat: mende wetu walisomea madrasa gani? Wa kwangu walikula vyeti vya shule vilivyokuwa vimegongwa muhuri wa serikali, na hawakuonyesha heshima yoyote.

#9 Hesabu Kali

Maelezo yote yaliyotolewa yanaweza kuwa kweli na bado yasijibu swali, kwa sababu swali lenyewe limeegemea upande mmoja. Babu yake babu huenda alikuwa na miswada ishirini. Kumi na tisa ikaliwa na mchwa, ikalowa, ikazikwa kwa heshima kama desturi ilivyo kwa karatasi zenye maneno matakatifu, au ikagawanywa kwa warithi. Umebaki mmoja uliokuwa na nguvu kuliko wenzake, nasi tunaushangaa tukasema mambo ya zamani yalikuwa imara. Mambo Leo bado hayajamaliza mchujo huo. Tusubiri miaka mia mingine tuone gazeti gani litabaki, kisha wajukuu zetu waseme kwamba karatasi za mwaka 1923 zilikuwa na baraka.

#10 Mjukuu wa Pangani

Hesabu Kali, umeniharibia usingizi. Fundi, nimefanya ulivyosema. Ndani ya karatasi naona mistari myembamba iliyolala sambamba kama nyuzi za mkeka, na katikati kuna hilali tatu zilizopangwa kwa safu, kubwa, ya kati na ndogo. Shangazi alipoziona alisema "Mashaallah" na kunipokonya karatasi. Je, hii maana yake ni karatasi ya Kiislamu? Ukurasa wa kwanza nao nimeutazama: hauna jina la mfalme wa mende.

#11 Fundi Jalada

Hapana, ndugu, ni karatasi ya Kiitalia. Hilali tatu zilikuwa alama ya karatasi zilizokusudiwa soko la Uturuki na nchi za Waarabu, na biashara yake kubwa ilipitia Venice. Mfanyabiashara anamjua mteja wake. Sasa umepata uhakika wa tambara, na mjadala kwa upande wangu umekwisha.

#12 Mkutubi Mstaafu

Haujaisha, Fundi. Karatasi za hilali tatu zilitengenezwa kwa muda mrefu mno na ziliigwa na viwanda vingine, hivyo alama hiyo pekee haitoi mwaka. Vilevile karatasi iliweza kukaa ghalani miaka mingi kabla haijaandikiwa. Siyu, kisiwani Pate, ambako wanakili wa misahafu walisifika katika karne za 18 na 19, waliandikia karatasi za Ulaya, lakini hatuwezi kusema kila chenye hilali kimetoka zama hizo.

Mjukuu, nina ombi. Umeandika kwamba baadhi ya karatasi zimelegea. Waandishi wa miswada ya namna hii mara nyingi hawakutia namba za kurasa. Walichofanya ni kuandika chini ya ukurasa, pembeni, neno moja lililoinamishwa, na neno hilo ndilo linaloanza ukurasa unaofuata. Kabla mtu hajakushawishi kuushona upya, fuata maneno hayo moja baada ya jingine ukiwa na msomaji wa Kiarabu kando yako, ujue kama karatasi zote zipo na zimekaa mahali pake. Nimewahi kuona mswada uliojalidiwa kwa ngozi nzuri sana huku mwisho wake ukiwa katikati.

Kuhusu madoa ya Steere, hayo ni ukungu uliokufa. Kuvu huota unyevu wa hewa unapozidi asilimia 65 hivi, na pwani yetu huwa juu ya hapo kwa miezi mingi.

#13 Kemia ya Jioni

Nakubaliana na Mkutubi karibu katika kila jambo, lakini si hilo la madoa. Karatasi za viwanda hubeba chembe ndogo za chuma kutoka kwenye mashine na maji, na chembe hizo zikipata unyevu hushika kutu. Ndiyo maana yana rangi hiyo, na ndiyo maana Mjukuu mwenyewe, bila kuulizwa, ameyaita ya rangi ya kutu. Laiti ungekuwa ukungu, ungeenea kutoka pembeni palipo na unyevu badala ya kutawanyika kama mvua.

#14 Fundi Jalada

Nami nimeona madoa hayo hayo kwenye karatasi ambazo zilikuwa safi kabisa upande wa kushoto na zimejaa madoa upande wa kulia, ndani ya kitabu kimoja, kundi moja la karatasi. Chuma kingechagua upande?

#15 Kemia ya Jioni

Na ukungu je, ungechagua?

#16 Mkutubi Mstaafu

Watafiti wa karatasi wamebishana juu ya jambo hilo kwa muda mrefu, na wengine hudhani ni vyote viwili: chembe ya chuma humkaribisha kuvu, au kuvu huiamsha chembe. Mleta mada ajue tu kwamba asiyasugue. Dawa za kung'arisha nguo huyaondoa madoa pamoja na karatasi.

#17 Mjomba wa Faza

Hodi humu. Naongeza kisa changu ili kiwe onyo. Ndugu yangu, kwa nia njema kabisa, alichukua barua nne za mzee wetu akazipeleka kwa mtu mwenye mashine ya lamineshi, kwa kuwa aliona vitambulisho hudumu namna hiyo. Barua zilipashwa moto na kubanwa katikati ya plastiki mbili. Leo plastiki imeanza kuachana pembeni, unyevu umeingia, na barua zimegeuka rangi ndani ya kifungo ambacho hakuna awezaye kukifungua bila kuzichana. Tunaziona lakini hatuwezi kuzigusa, kama samaki walioganda kwenye barafu.

Njia nyingine ipo, nayo ni kupiga picha kabla ya lolote. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini, na asili zake zikabaki Lamu kwa wenyewe. Simu nzuri, mwanga wa dirishani usio jua kali, na kitambaa cheusi chini ya karatasi vinamtosha mtu wa nyumbani kuanzia.

#18 Msomaji Mvivu

Tumepata fundi, mkemia, mtu wa hesabu na mfalme wa mende. Mleta mada aliuliza pia aviweke wapi, na hakuna aliyemjibu.

#19 Fundi Jalada

Umesema kweli. Kasha lisigusane na sakafu wala ukuta wa nje, kwa kuwa mchwa hupanda kutoka chini kwa njia zake za udongo na huweza kula kasha kwa ndani huku nje kukiwa kuzuri. Wazee walisimamisha miguu ya makabati ndani ya makopo yenye mafuta ya taa, na njia hiyo hadi leo haijapata mshindani wa bei hiyo. Msitie maji badala ya mafuta, mtafuga mbu.

Kila kitu kifungwe peke yake kwa kitambaa cha marekani. Hapa pana siri ambayo wengi hawaijui: marekani mpya huja na wanga wa kiwandani, na wanga ndicho chakula cha wale wadudu wembamba wa rangi ya fedha wanaokimbia ukifungua kitabu. Kifue kitambaa mara tatu kwa maji ya moto bila kupiga wanga, kikauke, ndipo ufunge. Mambo Leo itengwe kabisa na vingine, maana asidi yake huhamia kwa jirani. Mswada ulazwe, usisimamishwe.

#20 Mkutubi Mstaafu

Niongeze kuhusu viyoyozi. Mtu akiwasha kiyoyozi mchana na kukizima usiku, anafanya vibaya kuliko asiyekuwa nacho, kwa sababu karatasi inavuta unyevu na kuutoa kila siku, inatanuka na kusinyaa, na nyakati nyingine umande unaota juu ya jalada. Afadhali chumba chenye madirisha mawili yanayotazamana na feni ndogo inayozunguka daima. Vile vifuko vya chembe za silika vina faida ndani ya sanduku lisilopitisha hewa tu. Ukiviweka kwenye rafu ya wazi vinajaribu kuikausha bahari ya Hindi.

#21 Mama Vitabu

Mimi wadudu niliwamaliza kwa friza. Nilisoma kwamba kitabu kikikaa wiki mbili kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, wadudu, mabuu na mayai yote hufa. Nilikitia kitabu kwenye mfuko wa plastiki, kikakaa juu ya changu na nguru wa mume wangu. Wadudu walikufa kweli. Lakini mfuko haukuwa umefungwa vizuri, na sasa kila nikifungua historia ya Kilwa nasikia njaa.

#22 Kemia ya Jioni

Mifuko iwe miwili, hewa itolewe, na kitabu kikitoka kisifunguliwe mpaka kifikie joto la chumba, yaani siku nzima, ama sivyo umande utaota juu ya karatasi badala ya juu ya plastiki. Baridi haiui kuvu, inamlaza tu. Na samaki wakae friza yao.

#23 Muuguzi wa Zamu

Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa kazini. Nimeona wengi wanatumia vile vidonge vyeupe vya kabatini vya naftalini kwa sababu harufu yake inafanana na karafuu maiti. Si kitu kimoja. Katika jamii zetu za pwani wako watoto wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya unaozifanya chembe nyekundu za damu zivunjike wanapokutana na naftalini, hata kwa kuvuta harufu ya nguo zilizohifadhiwa nayo. Nimewapokea watoto wa namna hiyo wakiwa na macho ya manjano. Karafuu maiti nayo ikimezwa na mtoto humletea degedege. Kasha la vitabu lisikae chumba anacholala mtoto.

#24 Mnunuzi Makini

Mjukuu, fungua sanduku la ujumbe. Ninamjua mtu Ulaya anayeweza kuchukua mswada na Steere kwa pamoja, malipo taslimu, bila usumbufu wa makaratasi.

#25 Mkutubi Mstaafu

Bila usumbufu wa makaratasi ndipo tatizo lilipo. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, na kutoa nje ya nchi vitu vya kale kunahitaji kibali. Kenya nayo ina sheria yake ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi. Mjukuu aulize Idara ya Mambo ya Kale kabla ya kumjibu yeyote. Iwapo ukoo hautaki kuendelea kuutunza, Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inayo hazina ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu, na Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani ni jirani pia.

#26 Bibi wa Mkunazini

Mswada wenye dua za wazee hauuzwi taslimu. Mnunuzi, nenda kanunue viazi.

Na wewe Hesabu Kali, mjukuu wangu, nimelifikiri lile neno lako siku mbili. Kama ishirini walikuwapo na mmoja akabaki, ni nani aliyeamua huyo mmoja ndiye atolewe mvua ilipovuja? Mtu hukimbia moto na kitu kimoja mkononi. Hicho ndicho kilichobaki, na hakikubaki kwa nguvu za karatasi.

#27 Hesabu Kali

Bibi, hoja hiyo sina jibu lake kwa leo. Lakini inamaanisha kwamba hata mkono wa mwanadamu ni sehemu ya mchujo, jambo ambalo halinipingi.

#28 Mjukuu wa Pangani

Wadau, nimerudi na habari. Nilikaa na mwalimu wa madrasa siku nzima ya Jumamosi tukifuata yale maneno ya chini ya kurasa, kama Mkutubi alivyoelekeza. Karatasi ishirini na mbili zilifuatana vizuri. Ya ishirini na tatu ikagoma: neno lililotangulia halikuwa mwanzo wake. Upande wake mmoja ulionekana mtupu, nasi tulidhani ni karatasi iliyoachwa wazi, lakini upande wa pili una bismillahi na mwanzo wa kasida, na neno la chini yake linaungana na ule ukurasa tulioudhani kuwa wa kwanza. Ndiyo karatasi ya kwanza hasa, iliyong'oka ikachomekwa katikati, sijui na nani, sijui lini.

Ule upande mtupu si mtupu. Juu kabisa, kwa wino uliopauka sana, mwalimu amesoma "Ya Kabikaj", mara tatu. Mgeni wa Muskat, nakuomba radhi.

Ila kuna tundu. Ni dogo, duara, kama lililotobolewa kwa sindano ya kushonea magunia, na limepita katikati ya lile jina la pili, kwenye herufi ya kafu. Tulipoirudisha karatasi mwanzoni, tundu lililingana sawasawa na tundu la karatasi tatu zinazoifuata, kisha likaishia. Kule katikati ilikokuwa imechomekwa, karatasi jirani hazina tundu lolote.

#29 Msomaji Mvivu

Basi mdudu huyo hakujua kusoma.

#30 Mgeni wa Muskat

Au alisoma mara tatu ndipo akaelewa. Karatasi nne tu kati ya arobaini, kisha akageuka. Na sehemu ambako jina lilikaa miaka yote hiyo haikuguswa kabisa. Mnataka ushahidi gani?

#31 Kemia ya Jioni

Karatasi nne zinamtosha buu mmoja kabla hajawa mdudu kamili na kutoka nje. Jambo la maana hapa ni kwamba tundu limetokea kabla karatasi haijahama, kwa hiyo ni la zamani, na kasha la shangazi halihusiki. Mjukuu, tazama kama kingo za tundu ni safi au zina unga mpya.

#32 Fundi Jalada

Karatasi irudi mwanzoni mwa mswada, ishikiliwe kwa uzi tu, bila gundi. Kama lazima gundi itumike baadaye, iwe ya wanga wa ngano uliochujwa, yenye tone la mafuta ya karafuu, kama walivyofanya watunza nyaraka wa India, na ipakwe na mtu aliyekwisha kuifanya kazi hiyo. Nitakuelekeza.

#33 Bibi wa Mkunazini

Liacheni karatasi hilo katikati mpaka masika yapite. Aliyelihamisha alikuwa na sababu.

#34 Mjukuu wa Pangani

Fundi, nakubaliana nawe kwa kila neno. Lakini shangazi, ambaye hajausoma uzi huu, amesema kama Bibi alivyosema, na ufunguo wa kasha uko kiunoni mwake.